Kaka, Upanga Wako Una Kilo Ngapi?

Mpendwa kaka Ochieng',

Jumapili hii wananitaka nikae kwenye kiti chako. Chacha alikuja sokoni jana, akasimama mbele ya dagaa wangu wa omena na mikono yake yenye grisi, akaniambia mchezo umelala tangu tukuzike, na yeye na Pamela wamechoka kuungoja uamke wenyewe. Wamekubaliana kwamba msimulizi sasa niwe mimi. Nilitaka kucheka, maana unajua nilikuwa mchezaji wa namna gani: mtu wa kusinzia katikati ya vita. Kisha akaongeza sharti, na kicheko kikaniishia. Wanataka panga za kitabuni zirudi. Zile kubwa, ulizozipiga marufuku.

Sijamjibu. Nimemwambia atalisikia jibu langu mezani. Nikikataa, watatafuta jambo lingine la kufanya Jumapili na mchezo wako utakufa. Nikikubali, mchezo utaishi lakini hautakuwa wako. Ndiyo maana nakuandikia. Najua huko uliko hakuna posta, lakini hata ulipokuwa hai nikikuuliza jambo ulikuwa unakawia kujibu, kwa hiyo nimezoea.

Nakumbuka siku uliponieleza mchezo wenyewe. Nilikuwa nimetoka kupokea magunia ya omena wa kisiwani Mfangano, nimechoka na nanuka, na wewe ukanikalisha kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya Chacha pale Migori. Ukasema hakuna ubao wala karata. Ni watu wachache, dadu zenye pande nyingi, na kitabu kikubwa cha ng'ambo ulichookota kwenye mitumba. Mmoja anasimulia nchi ya kubuni, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo. Ukitaka kuruka mto, unarusha dadu. Ukitaka kumpiga adui, unarusha dadu. Nikakuuliza kama mwanaume mwenye mke, boma na kazi ya kaunti anaruhusiwa kufanya mambo hayo mchana. Ukasema mchezaji mmoja amepungua, nikae nisipoteze muda.

Nikakaa. Nchi ya kitabuni ilikuwa ya theluji na ngome za mawe, nawe ukaitupa yote. Joka ukalilaza bonde la Lambwe, chini ya Magunga, ukasema linaishi na mbung'o na ndiyo sababu lina hasira. Nilianza kukupenda upya siku hiyo. Mpiganaji wangu nilimwita Min Piny, mama wa nchi, nikampa upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, akauvaa mgongoni.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Ningepaswa kujua. Kazi yako ilikuwa kukagua mizani. Wachuuzi wakikuona unaingia sokoni na sanduku lako la mawe ya shaba walinong'onezana kwamba Mzee wa Mizani amefika, na ghafla kila mtu alikuwa anapanguza kitu. Ulikuwa ukianza na meza yangu, ili asiwepo wa kusema unampendelea dada yako. Uliligeuza gorogoro langu la kupimia kichwa chini, ukapapasa kitako chake kutafuta kama kimebonyezwa ndani, ukaniuliza jina langu kana kwamba hatukunyonya titi moja. Nilikujibu jina na la ukoo. Gorogoro lilikuwa zima, ukalirudisha bila hata tabasamu, ukaenda kwa jirani. Mtu wa namna hiyo, ningewezaje kudhani ataniachia upanga wa kilo saba?

Kitabu kiliandika hivyo, kilo saba. Ulikisoma, ukakifunga, ukakifungua tena. Halafu ukamtuma Pamela dukani, akaja na pakiti ya unga ya kilo mbili. Ukaniambia ninyooshe mkono na niishike hapo mbele yangu, nisikunje kiwiko, huku wewe ukiendelea kusimulia joka linavyoteremka mlimani kurudi kwake. Joka halijafika hata bondeni na mkono wangu ulikuwa umeshashuka. Ukasema wale mashujaa wa kizungu wa zamani walipigana na kitu chepesi kuliko pakiti ile, kilo moja na robo, moja na nusu, na hata zile panga kubwa za mikono miwili hazikufika nusu ya kilo saba kwa kawaida. Mtu wa kupigana asubuhi nzima hawezi kubeba jiwe la kusagia.

Nikasema sawa, nipunguzie kilo, ila Min Piny aendelee kuuchomoa mgongoni. Joka lilikuwa limeshafungua mdomo, moto uko kooni, na wewe ukasimamisha vita kutafuta mpini wa jembe. Uliupenyeza kwenye mkanda nyuma ya gauni langu, ukaniambia nichomoe. Mkono ukaishia njiani. Mpini ulitoka nusu ukakwama, nikabaki nimeinua kiwiko kama kuku anayeanika bawa. Pamela alicheka mpaka akashika meza. Wewe hukucheka. Ulirusha dadu ya joka, Min Piny akaungua nywele zote.

Nilikasirika kweli siku ile, kaka, na nilikuuliza mbele ya watu swali ambalo nadhani kila aliyewahi kukaa meza hiyo anatamani kuliuliza. Joka linalotema moto Lambwe unalikubali. Mchawi wa Chacha anayegeuka fisi unamkubali. Kilo saba tu ndizo zinakukosesha usingizi?

Ulikuwa unakusanya dadu. Ukasema, "Joka hakuna mtu amewahi beba. Upanga kuna mtu aliibeba, na kuna mwingine iliua. Hao watu siwezi wasingizia."

Nikasema naenda kufunga meza yangu sokoni.

Baada ya hapo uliharibika kabisa. Chacha alifua panga tatu kutoka kwenye springi ya lori, butu kama kijiko, na ulizipima moja moja, ukimrudisha kwenye jiwe la kunolea mpaka mshale wa mizani usimame pale unapotaka. Maskini Chacha, mtu wa Kehancha aliyezoea kunyoosha milango ya magari, akawa fundi wa wafalme waliokufa zamani. Ulituambia pia kwamba upanga wenyewe haukuwa mwenye kazi vitani, ulikuwa wa kiunoni, wa dharura, na kwamba huko na huku kwetu waliopigana vita halisi walishika mkuki. Ulifurahi sana kulisema hilo. Nadhani ulikuwa unamfikiria babu na mkuki wake.

Na ukaweka ile sheria yako ya mwisho, ambayo ndiyo iliyowachosha. Yeyote anayeua mtu mchezoni lazima amtaje jina, aseme ni wa wapi na nani atamzika. Mara ya kwanza tulicheka. Chacha alimuua mlinzi wa daraja, ukamuuliza jina, akasema Robi, na kwamba mama yake anauza ndizi. Hakuna aliyetaka kurusha dadu tena siku hiyo.

Pamela alivumilia muda mrefu kuliko nilivyodhani. Unajua yeye ni muuguzi, anatoka zamu na kuja moja kwa moja. Jioni moja alimkata mtu, ukamuuliza jina, akaweka dadu chini. Kisha akasema, "Mzee wa Mizani, mimi leo nimefunika watu wawili uso. Majina yao najua. Hapa nataka tu upanga kubwa haina maana." Ukaiokota ile dadu, ukaigeuzageuza. Tangu wakati huo nimekuwa nikifikiri kwamba kwenye ule ugomvi wenu kila mmoja alikuwa na haki yake, na nyinyi wawili mlijua hivyo, ndiyo maana hamkuumaliza.

Halafu figo zikaanza. Sitaki kuzirudia siku hizo. Nitasema tu kwamba mwishoni ulikuwa unakusanya dadu kwa mikono miwili, na sisi tulijifanya hatuoni, na wewe ulijifanya huoni kwamba tunajifanya.

Tulikupeleka nyumbani Kosele kukuzika. Na kwa kuwa hukuwepo, ngoja nikusimulie mazishi yako mwenyewe.

Baba mdogo Okelo alisema wewe ni mwanaume uliyejenga boma, kifungua mimba wa nyumba yetu, na huwezi kwenda kimyakimya. Lazima kuwe na tero buru: wanaume washike mikuki, ng'ombe watangulizwe, kifo kifukuzwe mpaka mpaka wa ukoo na kikapigwe huko. Mama akasema yeye ni Msabato, mwanawe atazikwa kwa sala na zinatosha, na kifo hakijawahi kuogopa chuma cha mtu. Walizungumza kwa upole mno, na ndivyo nilivyojua wamekasirika. Mkeo alikaa katikati yao ameinamisha kichwa, hakuna aliyemuuliza. Mwishowe Mama akasema asubuhi ya baada ya mazishi atakuwa ndani na kina mama wa kanisa, wanaimba, na kitakachofanyika nje ya mlango hatakiona. Baba mdogo akaona hiyo ni ruhusa tosha.

Asubuhi ikafika, kaka, na ungeaibika. Mkuki ulikuwa mmoja tu, wa babu, mikononi mwa baba mdogo. Waliobaki walikuja na matawi, fimbo za kuchungia, bomba la maji, mmoja na mwiko wa ugali. Vijana wa bodaboda walipanga pikipiki barabarani wapige honi. Nilikuwa nasikia sauti yako kichwani ikikagua mmoja mmoja.

Ndipo Chacha alipofungua turubai nyuma ya pikapu yake, aliyoiendesha kutoka Migori, akatoa zile panga tatu. Alitaka kuzigawa kwa wanaume. Alisema wewe ulizipima mwenyewe, hazifai kubaki karakana siku kama hii.

Baba mdogo alichukua mmoja, akaugeuza, akaunyanyua mara mbili. Akasema ni mwepesi. Halafu akauliza mzee yupi wa ukoo huu aliwahi kuingia vitani na kitu cha namna ile, na akasema wanaume watashika mikuki, asiye na mkuki ashike tawi, kwa sababu tawi angalau ni la hapa. Chacha akatazama chini. Akaniangalia mimi nimtetee. Nami nikashindwa, kwa sababu nilijua wewe ungekuwa upande wa baba mdogo. Ungesimama hapo boma likiwa limejaa watu na ungeeleza kwa utaratibu kwamba hakuna ushahidi.

Kwa hiyo nikasema Chacha achukue tawi. Lakini mdomo wangu haukuishia hapo. Nikamwomba baba mdogo mimi niende na upanga mmoja.

Watu wakanigeukia. Unajua silaha za buru ni za wanaume, sisi hufuata nyuma tukiimba. Baba mdogo aliutazama ule upanga kwa muda, akiutafutia mahali pake kichwani. Alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili Chacha naye asikie, ila neno nyara, yaani binti yangu, aliliacha kwa lugha yetu. "Mkuki siwezi kukupa, nyara. Mwanamke habebi mkuki. Lakini hiki kitu mimi sikijui. Na kitu sikijui, sina mwiko yake."

Akaniwekea mkononi.

Basi tukakimbia. Ng'ombe mbele, honi nyuma, vumbi katikati, na mimi dada mtu, muuza omena, nimeinua juu upanga wa nchi ambayo sijawahi kuiona. Mwanzoni nilikusifu. Nilijiambia kweli Ochieng' alisema kweli, hiki si kitu, naweza kukibeba mpaka Oyugis. Tulipopita kinu cha kusaga mahindi bega lilianza kuwaka. Baba mdogo alikuwa amesema mtu asishushe silaha mpaka mpakani, na yeye mwenyewe na umri wake hakushusha. Nikabadilisha mkono. Nikashika kwa mikono miwili. Kufikia bondeni nilikuwa sioni vizuri, jasho na machozi vimechanganyika, na kile chuma kilikuwa kinanivuta chini kana kwamba kuna mtu ameng'ang'ania ncha yake.

Mpakani hapakuwa na mtu wa kupigana naye, ila majani ya mabingobingo ya jirani na upepo. Wanaume wakachoma hewa na matawi yao. Chacha alikuwa pembeni yangu anapiga na tawi lake kwa nguvu zote, analia bila aibu, kwa lugha yake. Nami nikapiga. Sijui nilipiga mara ngapi wala nilisema nini. Najua tu kwamba upanga uliponitoka mkononi sikuweza kuuokota, na Chacha ndiye aliyeubeba kuurudisha nyumbani, chini ya kwapa, ameuzungushia shati.

Mama alikuwa bado ndani na wenzake. Aliona nilivyoushika mkono mmoja kwa mwingine, akaacha kuimba, akaomba maji ya moto na kitambaa. Akauweka mkono wangu mapajani mwake akaanza kuukanda. Hakuuliza nilikuwa wapi. Baada ya muda akaniuliza kama kilikuwa kizito. Nikamwambia hapana Mama, ni kilo moja na robo, Ochieng' alikipima. Akasema hakuniuliza kilo.

Nimekaa na neno hilo tangu siku ile. Nimekuwa nikimfikiria yule mtu wa ng'ambo aliyeandika kilo saba, ambaye wewe ulimwita mwongo kila Jumapili. Huenda hakudanganya. Huenda kuna mahali alisoma maneno ya mtu aliyerudi kutoka vitani, akaulizwa upanga ulikuwa mzito kiasi gani, akajibu kwa bega lake. Hata sokoni ni hivyo. Gunia langu lina uzito uleule likitoka kwenye boti na likifika Migori, lakini hamali aliyelipandisha mlima wote hatakubali, na mimi simwiti mwongo, namtafutia maji. Mizani hupima kitu kikiwa kimetulia. Hilo hukulisema hata siku moja, kaka, na ulikuwa na mizani maisha yako yote.

Lakini usifurahie mapema kwamba nimekuacha. Jana baada ya Chacha kuondoka niliendelea kuwaza huku napima omena, na nikaona jambo lingine. Kama upanga ule ungekuwa na kilo saba kweli, ningekilaumu chuma. Ningerudi nyumbani nikasema mkono unauma kwa sababu Chacha alifua kitu kizito, na ningelala. Kwa kuwa nilijua ni kilo moja na robo, kwa kuwa ulinishikisha unga na kunipigia kelele miaka yote ile, nilijua pia kwamba uzito mwingine wote uliobaki haukuwa wa chuma. Ulikuwa wewe. Usingekuwa umeupima sawasawa, nisingejua nimebeba kiasi gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa Chacha na Pamela ni hili, na nakuambia wewe kwanza. Nitakaa kwenye kiti. Panga zitabaki na uzito wako, hakuna kilo saba, na hakuna wa kuchomoa kitu mgongoni maadamu mpini wa jembe bado upo. Ila nabadilisha mawili. Pamela akiua mtu hatalazimishwa kusema jina. Nitalisema mimi, polepole, na yeye apumzike, maana ya kwake ameyasema zamuni. Na la pili: kwenye meza yangu, upanga utaanza na kilo moja na robo, na utaongezeka kila mtu anapopigwa nao. Mchezaji ataamua mwenyewe lini auache chini.

Uongezeke kwa kiasi gani, sijui. Nimejaribu kuweka hesabu tangu asubuhi, nimefuta, nimeweka tena. Hakuna jiwe la shaba la kupimia kitu hicho, na aliyekuwa na sanduku la mawe hayupo. Nitakisia kutokana na njia ile ya kutoka bomani mpaka mpakani.

Mkeo anakusalimu. Mama anakusalimu pia, ingawa kanisani wanamwambia wafu hawajui neno lolote. Pumzika, kaka yangu, uliyekuwa msumbufu kuliko wakaguzi wote wa dunia hii. Nakukosa mezani na nakukosa sokoni. Jumapili nitausoma uzito huo kwa sauti, mbele ya wote, kama ulivyokuwa ukifanya. Ukisikia nimekosea, njoo unisahihishe.

Mimi dada yako,
niliyekufuata tumboni.